Pikipiki Iliyoingia Katikati ya Ndoa Yetu

Wapo wanaume wanaopenda mpira hadi wanasahau kula, wapo wa bia na nyama choma, na wapo wale ambao jioni yao yote inaishia kwenye simu. Wa kwangu anapenda chuma. Shoga zangu wakisikia hivyo wanadhani nazungumzia mazoezi ya kunyanyua vyuma, wanaanza kunionea wivu. Hapana jamani! Nazungumzia chuma chenye grisi, kinachonuka petroli, kinacholala ndani ya banda la gari huku gari lenyewe likinyeshewa mvua nje.

Tunaishi Birmingham, Uingereza. Mimi ni muuguzi kitengo cha majeruhi na dharura. Mume wangu ni mtoto wa fundi pikipiki wa Moshi, amekulia chini ya meza ya baba yake akichambua nati kwenye kopo la maziwa. Lakini huku hakuja kuwa fundi. Kwa miaka sita aliendesha foklifti usiku kwenye ghala moja, kwa sababu vyeti vyake hapa vilionekana karatasi tu. Msomaji uliye ughaibuni unanielewa. Mtu ametoka kwao mtaa mzima unamwita fundi, akifika huku anajulikana kwa namba ya shifti.

Na wala hakuwa analalamika. Hilo ndilo lililonitisha. Anarudi saa moja asubuhi, mimi natoka, tunapishana mlangoni. "Umeamkaje?" "Salama." Basi, hadi kesho. Yaani tulikuwa kama wapangaji wawili wanaolea mtoto mmoja.

Sasa mwaka 2016 mzee mmoja Mwingereza, jirani wa nyumba ya tatu, mashine yake ya kukatia majani iligoma. Mume wangu akaitengeneza kwa dakika ishirini, akakataa hela. Yule mzee alikuwa mstaafu wa kiwanda cha Triumph pale Meriden, kati ya Birmingham na Coventry, kiwanda kilichofungwa mwaka 1983. Akamwita kwake, akafunua turubai. Chini yake kulikuwa na injini ya Triumph Thunderbird ya mwaka 1955, silinda mbili, sisi 650, imekaa miaka na miaka bila kuwaka. Kwa wapenzi wa filamu, Thunderbird ndiyo pikipiki aliyopanda Marlon Brando katika The Wild One, mwaka 1953. Mume wangu hakujali ya Brando. Aliniambia alipoizungusha tu kwa mkono akasikia mgandamizo bado upo, mikono ikaanza kumtetemeka.

"Mama, nataka kujenga Triton," akaniambia usiku ule. Nikadhani ni jina la dawa.

Niwaeleze kidogo, maana hata mimi ilibidi nielezwe. Triton ni nusu Triumph, nusu Norton, hata jina limeungwa hivyohivyo. Miaka ya 1950 na 1960 vijana wa Kiingereza walikubaliana kwamba injini nzuri ni ya Triumph, ila fremu nzuri ni ya Norton. Fremu hiyo ilibuniwa na Rex McCandless wa Belfast, na mwaka 1950 Geoff Duke alishinda nayo mbio kubwa za Isle of Man. Inasimuliwa kwamba mkimbiaji Harold Daniell alipoijaribu alisema ni kama kulalia kitanda cha manyoya, na jina Featherbed likabaki hapohapo. Wakati huohuo wenye magari madogo ya mashindano walikuwa wanaitamani injini ya Norton ya mbio, na Norton haikuwa inauza injini peke yake. Wakawa wananunua pikipiki nzima, wanang'oa injini, fremu inatupwa pembeni. Vijana wakaziokota, wakapachika Triumph humo. Jumapili wakawa wanakutana kwenye mikahawa ya barabarani kama Ace Cafe ya London, wanashindana nani anagonga maili mia kwa saa.

Mnaona tatizo? Mimi kazi yangu ni kupokea watu wa aina hiyo wakiletwa na gari la wagonjwa. Nimewakata jaketi za ngozi kwa mkasi. Nimesimama na wake zao kwenye korido. Halafu nyumbani kwangu mtu ananiambia anataka kujenga ya kwake, kwa mikono, kwa vyuma vya mwaka 1955!

Tuligombana, tena siyo kidogo. Nilizungumzia damu, akazungumzia baba yake. Nilipozungumzia kiwanja chetu cha Kibaha kilichojaa majani akanyamaza. Kwa mume wangu kunyamaza ni silaha. Siku ya tatu ndiyo akasema jambo ambalo sitalisahau: "Tangu nifike nchi hii hakuna mtu aliyeniuliza naweza kufanya nini. Yule mzee ndiye wa kwanza."

Nikakaa nalo wiki nzima. Kisha nikachukua daftari la shule la binti yetu, nikaandika masharti.

Kwanza, leseni. Hakuna senti ya pikipiki kabla hajamaliza mafunzo na kufaulu mtihani wa pikipiki kubwa, nadharia na barabarani. Pili, kila pauni inayoingia kwenye pikipiki, pauni nyingine inakwenda Kibaha siku hiyohiyo. Tatu, fremu iwe mpya. Hapo alibisha kweli. Wazee wa klabu za pikipiki wanaona fahari ni fremu ya Norton yenyewe, yenye namba yake iliyogongwa kiwandani. Mimi nikasema fremu ya miaka sitini, imeanguka mara ngapi, imechomelewa na nani, nani anajua? Bei yenyewe ilikuwa juu, na zilizokuwa zinauzwa rahisi zilikuwa na historia isiyoeleweka. Mafundi hapa Uingereza wanatengeneza fremu mpya kwa umbo lilelile la Featherbed, mabomba mawili yanayozunguka kama matanzi na kurudi kukutana kwenye shingo ya usukani. Yule mzee ndiye aliyenitetea. "Mkeo ana akili kuliko wewe," akamwambia. (Mume wangu alikuwa anamwita "mzee" tangu siku ya kwanza, na yeye akawa anajitambulisha hivyo klabuni, akidhani ni cheo.)

Injini alimuuzia pauni 1,500, kwa kulipa kidogokidogo. Fremu ilikuwa 1,100. Na Kibaha ikapata 2,600. Hesabu ya pauni kwa pauni ni ngumu, kazi iliyotakiwa iwe ya mwaka mmoja ikawa ya miwili. Lakini kulikuwa na raha yake. Mwezi aliponunua pistoni mpya, Kibaha tulimwaga zege la msingi. Magurudumu yaliposukwa spoki, shemeji yangu akatutumia picha ya lori la tofali. Wanandoa wanaoniuliza siri, ndiyo hiyo, wala siyo siri. Ni daftari la shule na kalamu.

Kujenga kwenyewe nilikuwa nakuangalia nikiwa na kikombe cha chai, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ndipo nilipojifunza kwamba fundi akiwa kazini huongea. Akiwa mezani amenikabili uso kwa uso anakuwa bubu, lakini mkono ukiwa ndani ya injini anasimulia utoto wake wote. Nimeijua Moshi ya baba mkwe, ambaye sikuwahi kumwona, kwenye lile banda. Nimejua alivyokuwa akionja mafuta kwa ulimi kujua kama yana petroli. Usiniulize kama ni kweli.

Injini za Triumph za miaka ile zimetengana na giaboksi, vipande viwili. Kuviweka kwenye fremu ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake kunahitaji mabamba ya alumini yanayovishika, na mabamba hayo yakikosea kidogo tu, mnyororo unaotoka kwenye injini kwenda kwenye klachi hautanyooka. Ya kwetu yalikuja yamekosewa, matundu yamesogea kama milimita mbili. Muuzaji akasema ni fremu, mwenye fremu akasema ni mabamba. Mume wangu hakugombana na mtu. Alipima kwa rula ya chuma usiku kucha, kesho yake akaenda kukereza vipande vyembamba kwenye mashine ya yule mzee, akanyoosha mstari. Spana zilikuwa za kuazima pia, maana nati za Kiingereza za zamani zina vipimo vyao na spana za milimita zinacheza tu. Halafu kuna mtikisiko. Pistoni zote mbili za injini hii hupanda na kushuka kwa pamoja, kwa hiyo inatikisika hadi meno. Bila mshikio imara unaofunga kichwa cha injini kwenye fremu, utakuwa unaokota bolti barabarani.

Yule mzee alikuja siku hiyo, akainama na miwani yake, akatazama mnyororo ulivyonyooka. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akampa mkono mume wangu, wote wawili mikono imejaa oili. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa wa kiti. Triton halisi ina tangi refu la alumini, usukani uko chini kiasi kwamba unalala kifudifudi, na kiti ni cha mtu mmoja, nyuma kimeinuka kama nundu. Nikaingia bandani nikakikuta kimeshafungwa. Kizuri, cheusi, kimeshonwa vizuri.

"Na mimi nakaa wapi?"

Akashangaa. "Si ulisema hutapanda hata siku moja?"

Ni kweli nilisema, na nilikuwa sijabadilisha mawazo. Lakini wanawake wenzangu mtanielewa. Kukataa mwaliko ni haki yangu, kutokualikwa kabisa ni habari nyingine. Miaka miwili nimekaa kwenye ndoo, nimeandika daftari, nimeshika taa hadi mkono umekufa ganzi, halafu kitu kinakamilika na hakina hata nafasi ya makalio yangu? Nilimwambia hivyohivyo, kwa maneno hayohayo. Hakujibu. Wiki mbili baadaye nikakuta kiti kirefu, na pande zote mbili za nyuma amefunga vibao vya kukanyagia. Wa klabuni walimcheka, wakasema ameharibu umbo. Mimi naona kinapendeza kuliko cha kwanza, ila sina utaalamu.

Mwaka 2018 ikapelekwa ukaguzi. Kwa sheria za huku, pikipiki iliyojengwa kwa vipande vya asili tofauti haichukui tu namba ya zamani. Wakati ule kulikuwa na hesabu ya pointi: fremu ina pointi tano, injini moja tu, na ili kubaki na namba ya zamani unahitaji nane. Sisi hatukuwa nazo. Ikakaguliwa kama mashine mpya, breki, taa, kelele, ncha kali. Mara ya kwanza ikarudishwa kwa sababu ya kelele za ekzosi, mara ya pili ikapita, ikapewa namba inayoanza na herufi Q, ile wanayopewa wasiojulikana umri wala ukoo. Mume wangu alicheka sana. "Hata yenyewe imepewa kibali cha kukaa," akasema.

Nilipanda Agosti ya mwaka huohuo, baada ya yeye kuiendesha miezi mitatu peke yake, akinitumia ujumbe kila anapofika. Tulikwenda Bickenhill, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Pikipiki. Safari ya nusu saa. Kofia, glovu, jaketi, suruali nzito, nimejifunga kama mwanaanga. Niliogopa mwanzo hadi mwisho, na nilimshika kiuno kwa nguvu ambayo sikuwa nimemshika tangu fungate. Wahindi, Wajamaika, Waingereza, watu wa kila aina wakaja kuiangalia pale maegeshoni. Mmoja akauliza nani kaijenga. Mume wangu akasema, "Mimi." Alisema neno hilo moja tu, kwa Kiingereza, lakini nilisikia sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu Moshi.

Huyo aliyeuliza alikuwa na karakana ya kufufua pikipiki za zamani. Alianza kumpa kazi za Jumamosi, mwaka 2019 akamwajiri moja kwa moja. Foklifti ya usiku ikaisha. Sasa tunakula chakula cha jioni watu watatu. Bado mezani haongei sana, nikitaka maongezi nabeba chai yangu naenda bandani.

Mwaka 2021 alikuja bwana mmoja kutoka Leeds, akaizunguka Triton mara tatu, akataja pauni 9,000. Nyumba ya Kibaha ilikuwa imefika lenta, na hela hiyo ilitosha kupiga bati nyumba nzima na chenji ikabaki. Mume wangu aliniangalia. Akamwambia yule bwana, "Muulize mke wangu." Kisha akaingia ndani kabisa, akatuacha wawili.

Nilimwambia kiti cha nyuma kina mwenyewe. Mabati tulinunua mwaka uliofuata, kwa mishahara.