Wiki ya Kufua

"Baba hayupo, anafua maji."

Mtoto aliyesema hivyo alikuwa na miaka minne, na wenzake wakaangua kicheko. Nguo ndizo zinazofuliwa, maji yatafuliwaje? Wiki ile mada yetu ilikuwa Maji. Nilikuwa nimeshabandika ukutani michoro yangu ya kisima, mvua na mtungi, na nilikuwa nimefungua mdomo kumsahihisha. Mtoto mwengine akasimama upande wake. "Kweli, mwalimu. Hata babu anafua."

Mimi ni mzaliwa wa Mahonda, kwenye miwa. Nungwi niliolewa. Jioni nikamwuliza mume wangu, naye akanieleza kama anavyoelezwa mgeni: maji yanayoingia chomboni hukusanyika ngamani, huchotwa kwa upo na kumwagwa baharini, na kazi hiyo ndiyo kufua maji. Chombo kisichofuliwa maji hakifiki. Usiku ule nilikaa na daftari langu la maandalio ya kazi nikaona kwamba mtoto wa miaka minne ana neno ambalo mwalimu wake hana, na kwamba mwalimu alikuwa karibu kumnyang'anya.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mpango wa skuli za maandalizi za madrasa ulikuwa umeanzia Mombasa mwaka 1986, ukiongozwa na Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, baada ya wazee wa Kiislamu wa pwani kulalamika kwamba watoto wao wanaachwa nyuma kimasomo. Walitaka mtoto apate msingi wa skuli bila ya kupoteza dini na mila zake. Zanzibar ulifika mwaka 1990, na miaka mitatu baadaye ukafika Uganda. Walimu walitafutwa kijijini hapo hapo: wasichana na kina mama wenye elimu kidogo ya sekondari, watu wanaojulikana na wazazi wa watoto. Ndivyo nilivyopatikana.

Kabla ya hapo sikuwahi kuona darasa la watoto wadogo lenye vitu vya kushika. Mimi nilianzia chuo cha Kurani, juu ya mkeka, na fimbo ya mwalimu ilikuwa na urefu wa kutufikia hata tuliokaa nyuma. Chuo sikisemi vibaya. Ndiko nilikozijua herufi. Lakini yaliyobaki ya dunia niliyapata kwa bibi yangu, nikimfuata nyuma kila aendako, kisimani, shamba, msibani, arusini. Nasari chache za mjini nilizokuja kuziona baadaye zilikuwa skuli ya msingi iliyopunguzwa kimo: benchi, ubao, a-e-i-o-u kwa sauti moja mpaka kengele ilie.

Mafunzo ya mpango ule yalitugeuza. Tulifundishwa kuigawa siku: mtoto apange atakachofanya, akifanye, kisha akae na wenzake aeleze alichokifanya. Tulifundishwa kupanga kona, kona ya nyumba, kona ya ujenzi, kona ya vitabu. Vifaa hatukununua. Vifuu, kombe za pwani, vifuniko vya soda, vibua vya mtama, mabaki ya vitambaa kwa fundi cherahani, vyote vilioshwa, vikaanikwa, vikaingia darasani. Na kila wiki ilikuwa na mada yake, ili hesabu, maneno, hadithi na mchezo vyote vivute upande mmoja.

Asubuhi ya pili nikaiacha ratiba niliyoiandika. Niliwauliza watoto: kitu gani chengine kinafuliwa? Wakataja nguo. Mmoja akasema nazi. Kimya kidogo, kisha sauti kutoka nyuma: chuma. Nikajua wiki ile si ya Maji tena.

Jumatatu iliyofuata tulianza karibu, nyuma ya darasa, tukafua nguo za madoli ya vitambaa katika beseni. Jumanne tukaenda uani kwa bibi mmoja aliyekuwa akiuza kamba za makumbi. Alikuwa na kifuo kilichosimikwa ardhini, ncha juu. Aliishika nazi kwa mikono miwili, akaipiga juu ya ncha, akaizungusha, akaipiga tena, na kumbi likaachia kwa mlio ambao watoto waliuigiza mwezi mzima. Hakuwaruhusu kugusa kifuo. Aliwapa nyuzi za makumbi, akawaonyesha namna ya kuzisokota juu ya paja. Wengi wao walipata kijikamba cha urefu wa kidole, kinachofumuka ukikiachia, wakenda nacho nyumbani kama zawadi ya sikukuu.

Bibi yule alituuliza tunawapitishaje watoto ishirini na nne njiani. Nikamwambia tunawashika mikono. Hakuridhika. Siku ya tatu alituletea kamba ndefu aliyoisokota mwenyewe, ina mafundo ishirini na manne, kila fundo umbali wa mikono miwili ya mtoto. Mtu mzima mbele, mtu mzima nyuma, kila mtoto na fundo lake. Hakuna kifaa cha kufundishia nilichowahi kupewa na mtu yeyote kilichonifaa kuliko kile. Mtoto akiumwa, fundo lake linaonekana tupu na wenzake wanamwuliza.

Nungwi ni mji wa waunda vyombo. Jumatano tulikwenda kwa mfua chuma aliyekuwa akitengeneza misumari ya majahazi. Tulisimama mbali na moto. Alivuta mvukuto, makaa yakageuka rangi, akakitoa chuma akakipiga mpaka kikapata ncha. Mtoto mmoja akauliza kwa nini chuma chekundu ni laini na cheusi ni kigumu. Yule mzee alinyamaza muda, akajibu: "Mjukuu wangu, moto unakilegeza. Kikipoa kinarudi kuwa kaidi." Nimesoma maelezo mengi tangu wakati ule, na kwa mtoto wa umri ule sijapata bora zaidi.

Alhamisi diko. Babu wa yule mtoto wa kufua maji alikuwa anatungojea, ameshaivuta ngalawa yake kwenye maji ya magotini. Watoto wakamwamkia shikamoo kwa pamoja, akaitikia marahaba kwa kila mmoja, ishirini na nne. Mimi nikawaambia waangalie upande wa mbele. "Omo, mwalimu," akasema mjukuu wake, bila ya ukaidi, kama mtu anayekupa kitu ulichokiangusha. Omo mbele, tezi nyuma. Kisha mzee akamimina ndoo mbili za maji ngamani, akatoa upo wa mti uliochakaa mpini, akaanza kufua. Chota, mwaga. Chota, mwaga. Kila mtoto akafua mara tatu, tukihesabu kwa sauti. Yule aliyechekwa wiki iliyotangulia alisimama pembeni ya babu yake muda wote huo, mkono juu ya ubavu wa chombo.

Ijumaa hatukutoka. Tulikaa tukakumbuka. Walichora, wakaigiza, wakayapanga maneno: kufua nguo, kufua nazi, kufua chuma, kufua maji. Sikuwafundisha maneno hayo. Nilichofanya ni kuwapeleka yalipo.

Kwa miaka kadhaa tulikwenda hivyo. Mada ya Nyumba ilitufikisha kwa mwashi na kwa mkandika udongo. Mada ya Wanyama ilitupeleka Mnarani, ambako tangu mwaka 1993 wanakijiji walikuwa wakiwatunza kasa katika dimbwi la asili. Watoto wangu waliwalisha mwani kwa mkono, nao kasa walikuwa wakubwa kuliko baadhi yao.

Mabadiliko hayakuja kwa mkupuo. La kwanza lilikuwa njia. Hoteli ziliota ufukweni, ukuta baada ya ukuta, na njia tuliyokuwa tukipita kwenda diko ikawa mlango wa nyuma wa mtu. Tukawa tunazunguka na kamba yetu kupitia barabarani, penye magari ya watalii. Matembezi ya dakika kumi na tano yakawa ya dakika thelathini na tano, na mzazi wa nyuma akawa hana budi kuwa macho muda wote. Ukiuliza kwa nini matembezi yalipungua, wengi watakutajia mitaala. Mimi nitakutajia ukuta.

Kisha ikaja Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006, iliyoiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima. Tulifurahi, na hata leo nasema lilikuwa jambo kubwa: mtoto wa mvuvi akawa na haki ya kufunzwa kabla ya darasa la kwanza, wala si kwa hisani ya mtu. Katika miaka hiyo vilianza pia vituo vya Tucheze Tujifunze, ambapo redio ilizungumza na watoto nao wakaijibu, wakisimama, wakiruka, wakihesabu vidole. Mwanzoni niliitilia shaka ile redio. Nilipokwenda kuona, nikakuta watoto wa vijiji visivyo na jengo lolote la skuli wanajifunza chini ya mwembe, na shaka ikaniondoka. Lakini pamoja na sera ilikuja idadi. Darasa la watoto ishirini na nne likawa la hamsini na zaidi, na kamba yetu haikuwa na mafundo ya kutosha.

Kuna mwaka ambao tuliacha bahari kabisa. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Manusura na maiti waliletwa pwani yetu. Wavuvi wetu walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuokoa, na baadhi yao walikuwa ndio wale waliozoea kutupokea diko. Niliondoa mada ya Vyombo vya Baharini katika ratiba. Hakuna mzazi aliyeniomba, wala hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Watoto hawakuiondoa. Katika kona ya ujenzi walipanga vipande vya mbao wakatengeneza meli, wakapakia vifuniko vya soda, wengi, mpaka vikamwagika, kisha wakaipindua. Wakaokota vifuniko kimoja kimoja na kuviweka juu ya mkeka. Siku ya pili vile vile. Mwalimu mwenzangu alitaka kuwakataza, nikamsihi awaache. Mwezi wa tatu nikamwomba mvuvi mmoja aje darasani badala ya sisi kwenda kwake. Alikuja na jaketi la kuokolea, akamvika kila mtoto kwa zamu, akafunga mikanda na kuifungua. Hakuzungumzia usiku ule. Baada ya hapo meli za mbao ziliendelea kujengwa, na vifuniko vikawa vinahesabiwa kabla ya kupakiwa.

Kilichokuja baadaye kinanisikitisha zaidi, kwa sababu kilikuja kwa jina lile lile la matembezi. Ni safari ya basi ya mwisho wa mwaka, kwenda mjini, Forodhani, kiwanja cha ndege, kwa mchango wa kila mzazi. Katika skuli moja niliyofundisha, basi liliondoka saa moja asubuhi na watoto kumi na mmoja wakabaki, wamevaa nguo zao nzuri, kwa sababu wazazi hawakuweza kutoa mchango. Mmoja aliniuliza kama basi litarudi kumchukua. Niliitoa kamba kabatini, nikamwomba mama mmoja ashike nyuma, tukenda diko kuangalia mnada wa samaki. Nilifanya nililoweza, na halikutosha. Watoto wale walijua kwamba wameachwa.

Sisemi basi lisiende. Msitu wa Jozani na kima punju wake ni mali ya kila mtoto wa Unguja, na hawezi kufika kwa miguu. Neno langu ni kwamba matembezi yatokane na kitu ambacho watoto wanakiuliza darasani, na wakirudi wawe na la kufanya nacho. Safari ya Disemba haitokani na swali lolote na hairudi kwenye kazi yoyote. Zinazorudi ni picha. Tena ikiwa ni safari ya skuli, basi ni ya watoto wote, au isiwepo.

Mwaka huu mwalimu kijana alinikaribisha darasani kwake. Ana stashahada, anajua mambo ya ukuaji wa mtoto ambayo sisi tuliyabahatisha, na watoto wanampenda. Mmoja wa watoto wale ni binti wa yule aliyechekwa kwa kusema baba anafua maji. Baba yake sasa ana boti ya faiba yenye pampu. Nilimwuliza yule binti kama anajua upo. Hajui.

Mwalimu wake aliniambia angependa kuwatoa watoto nje, ila skuli haina fungu la usafiri. Nilimpa kamba, imeunganishwa na nyengine, ina mafundo hamsini na sita. Kwa walimu wengine wa maandalizi wenye shida kama yake, naomba jambo moja: kabla ya kuandika barua ya kuomba basi, mwulizeni kila mtoto baba, mama, babu na bibi yake wanafanya kazi gani, mtoke mkaione. Wapo wazee wachache Nungwi ambao bado wanafua maji kwa mkono. Kwa njia ya kuzunguka ukuta, kwa mwendo wa mtoto wa miaka minne, kutoka mlango wa darasa lile mpaka kwao ni dakika thelathini na tano.