Singida: Upepo, Mawe na Vitanda Viwili

Ukimtajia mtu wa Dar es Salaam jina la Singida, atakujibu kuku. Akijitahidi sana ataongeza alizeti, asali na vitunguu. Sawa, vyote vipo, tena kwa wingi. Lakini mimi nimekwenda Singida nikarudi na stori ya vitanda. Ndiyo, vitanda! Kama wewe na mwenzio mna watoto wawili wadogo, chumba kimoja cha kuwalaza na mshahara unaoisha kabla ya tarehe 20, hebu vuta kiti tuongee.

Kufika siku hizi si kazi. Nilipanda treni ya umeme ya SGR, iliyoanza safari za Dar hadi Dodoma mwaka 2024, kisha nikachukua basi. Ni lami tupu: Bahi, Kintinku, unapanda mlima wa Saranda, unaipita Manyoni, halafu Ikungi. Kutoka hapo macho yanaanza kukutana na mawe makubwa yaliyopandana utadhani kuna mtu aliyapanga kwa mkono. Mji wenyewe uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Una maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na una upepo usiojua kupumzika. Jioni nenda ukae kando ya Singidani. Ukiwa na bahati utawaona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu. Ila beba sweta, hasa Juni na Julai. Baridi ya usiku haina utani.

Mpangaji wa katikati

Nilifikia kwa mdogo wangu. Yeye na mumewe ni watumishi wa serikali waliohamishiwa Singida, na wamepanga nyumba ya vyumba viwili. Wana binti wa miaka 5 na mdogo wake wa kiume wa miaka 2 na nusu. Kabla ya kuhama waliuza vitu vingi ili kupunguza mzigo, kikiwamo kitanda cha watoto. Matokeo yake binti akawa analala kwenye godoro chini, na yule mdogo akahamia katikati ya baba na mama. Miezi minne!

"Dada, tumekuwa kama majirani," mdogo wangu aliniambia tukichambua mchele uani. "Mimi ukutani, mwenzangu ukingoni, na katikati mwenye nyumba. Akilala amepinda, sisi wote tunapinda."

Tulicheka, lakini macho yake hayakucheka. Maana kila walipogusa suala la kununua vitanda, maneno yalianza. Shemeji alikuwa ameona dukani deka la chuma, jekundu, linang'aa kweli kweli. Mdogo wangu alitaka la mbao, la kwa fundi. Mazungumzo yakianza kwenye kitanda yanahamia kwenye hela, yakitoka kwenye hela yanafika kwenye nani anamsikiliza nani. Wapenzi wasomaji, mnaijua hiyo njia. Wengi tumeshaipita.

Kutoka ngozi hadi deka

Jumamosi tukatoka wote watatu. Njiani tukawa tunakumbushana walivyolala wazee. Nyumba ya asili ya huku ni tembe, ile ya paa bapa la udongo lililobebwa na nguzo na miti. Ndani yake watoto walitandikiwa ngozi ya ng'ombe, wakalala pamoja, na joto wakapeana wenyewe. Baadaye kikaja kitanda cha kamba, kile ambacho mtani alikiita "teremka tukaze": kamba zikilegea, unateremka, mnakaza, mnarudi kulala. Unaweza kukicheka, lakini kile kitanda kilikuwa na akili. Kilijua kwamba mambo yatalegea, kikaacha nafasi ya kukazwa upya.

Na hilo ndilo swali la kumuuliza kitanda chochote cha mtoto: mwakani itakuwaje? Mtoto wa miaka 5 ana urefu wa sentimita 110 hivi. Akifika miaka 10 anakaribia 140. Kitanda cha futi 6 ni sentimita 183. Kwa hiyo ukinunua kile kidogo cha kupendeza chenye picha za katuni, unanunua cha miaka michache. Ukinunua cha futi 3 kwa 6, unanunua cha mpaka sekondari, na godoro lake ni lile lile. Godoro ndilo linalokula hela, msidanganyike.

Swali la fundi

Kwenye karakana ya tatu tulimkuta fundi mtu mzima, kimya, randa mkononi. Shemeji akamweleza habari za deka lake jekundu. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja:

"Bosi, hapa Singida mtakaa miaka mingapi?"

Shemeji akanyamaza. Mtumishi wa serikali hajui. Inaweza kuwa miaka mitano, inaweza kuwa barua ya mwezi ujao.

"Basi mimi nitawatengenezea kitanda kinachofunguka," fundi akasema. Akachukua penseli, akachora juu ya kipande cha mbao. Vitanda viwili vya futi 3 kwa 6, kila kimoja kinasimama chenyewe. Mifumbati inafungwa kwa bolti na nati, si kwa misumari. Juu ya matendegu ya kimoja kuna pini za chuma, na matendegu ya cha pili yana matundu ya kuzipokea. Leo vinakaa mbalimbali. Ukitaka nafasi, unapandisha kimoja juu ya mwenzake, unapata deka. Uhamisho ukija, unafungua, unapakia kwenye lori, unaondoka na kitanda chako badala ya kukiuza kwa bei ya kutupa.

Nikamwona shemeji anainama kuutazama mchoro. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akauliza maswali sita mfululizo, yote ya maana, na la mwisho hakumuuliza fundi. Alimgeukia mkewe: "Unaonaje, mama?" Nikajifanya naangalia vanishi.

Ya kukagua kabla hujatoa kishika uchumba

• Mbao. Mninga ni mzito, mgumu na mchwa hauupendi, na miombo ya ukanda huu wa kati na magharibi ndiyo kwao. Paini ni rahisi, lakini hakikisha imetiwa dawa. Vyovyote vile iwe imekauka. Mbao mbichi itapinda ukiwa umeshalipa.

• Chaga. Zihesabu na uzikanyage. Watoto hawalali tu, wanaruka.

• Umri wa juu. Mtoto wa chini ya miaka 6 asilazwe juu ya deka. Binti yetu atasubiri mwaka mmoja.

• Kizuizi. Kanuni za usalama za Marekani zinataka kizuizi cha juu kizidi godoro kwa angalau inchi 5. Ndiyo maana godoro nene la inchi 8 si la juu, linameza kizuizi. Mwaka huu kizuizi hicho kitafungwa kwenye kitanda cha mdogo, asidondoke.

• Chandarua. Kila mmoja na chake. Pima mpaka dari kabla hujaamua urefu wa deka.

• Nyufa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukinunua kilichotumika, kifungue chote, kagua kila tundu, anika juani.

• Miaka 10. Wazazi wengi hutenganisha malazi ya binti na kaka yake wakifika umri huo, na mafundisho ya Kiislamu yanautaja waziwazi. Vitanda vinavyoachana vimeshakujibia swali hilo mapema.

Vilikuja kabla sijaondoka

Fundi alitimiza siku aliyosema. Nakwambia, si kawaida! Vitanda viliwekwa kwa pembe, mchago kwa mchago, ili wale wawili waweze kushikana mikono usiku wa kwanza. Binti akachagua shuka. Yule mdogo alirudi katikati ya baba na mama usiku ule saa nane, akarudishwa. Usiku wa pili saa kumi, akarudishwa tena. Usiku wa tatu hakuja.

Asubuhi nikawakuta mdogo wangu na shemeji uani, wanakunywa chai kwenye benchi moja, upepo unawapiga, na hakuna aliyekuwa anaharakisha kwenda popote. Sikuuliza kitu. Mimi nilikuwa na basi la kuwahi, na kuku wawili wa kienyeji wa kufunga kwenye tenga.