Wapangaji Tisa na Tangi Moja

Neno "kuvuja" linapotosha. Mafundi wa kompyuta tukisema kumbukumbu ya seva inavuja, msikilizaji anawaza tone linalodondoka mahali, kitu kinachotoka nje. Hakuna kinachotoka. Kinachotokea ni kuazima bila kurudisha. Programu inaomba kipande cha memori, inapewa, inamaliza kazi yake, kisha haisemi kwamba imemaliza. Kipande kile hakitumiki tena, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukigusa.

Kina mama wa mtaa wetu wana kikundi chenye viti, masufuria na sahani za shughuli. Anayeoza huazima, anayefiwa huazima. Sahani hazivunjiki sana. Zinabaki tu kwenye makabati ya watu, moja hapa, tatu kule, na kila aliyebaki nayo anaamini ni moja tu. Siku ya msiba mkubwa sanduku linafunguliwa, mna sahani kumi na mbili.

Kazini kwetu tuna seva tatu katika chumba kimoja Mbezi Luis, ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro. Honi za mabasi ya stendi zinapenya hadi humo, juu ya mngurumo wa feni. Hatuna wateja wakubwa. Tuna wakala wa tiketi za mabasi, shule mbili, saccos moja, duka la vipuri lenye matawi, na kituo cha afya cha binafsi. Kwenye seva ya kwanza wanakaa tisa. Kitaalamu kila mmoja ni mashine pepe, yaani kompyuta ambayo ipo kwa maana ya programu tu, ndani ya kompyuta ya chuma. Mimi huwaita wapangaji, na sijapata tafsiri bora zaidi. Kila mpangaji ana mlango wake na funguo zake, na akiwa ndani anajiona yuko kwenye nyumba yake mwenyewe. Ila mita ya umeme ni moja, na tangi la maji ni moja, na hajui jirani ni nani.

Wazo hili si geni kama vijana wengi wanavyodhani. IBM waliuza mfumo wa namna hii, VM/370, tangu 1972, wakati kompyuta ilikuwa ghali kiasi kwamba ilikuwa lazima igawanywe. Sisi tunatumia KVM, ambayo iliingizwa ndani ya Linux mwaka 2007 na haina leseni ya kulipia kwa dola. Sababu ni ileile ya 1972: chuma ni ghali, gawana.

Tatizo lilipoanza, kila mpangaji alikuwa mzima. Hilo ndilo lililotuchelewesha. Ukiingia ndani ya mashine ya kituo cha afya, kumbukumbu ipo tele. Ukiingia ya wakala wa tiketi, ipo. Kila mtu kakagua bomba lake, na bomba kavu. Tangi ndilo linalopungua.

Hesabu ilikuwa hivi. Seva ina gigabaiti 128. Wapangaji tisa kwa pamoja wamepewa 96. Mfumo wenyewe unakula kama 4. Zinabaki 28 za akiba. Kila siku ilikuwa inapotea gigabaiti moja na kitu, na ukijumlisha programu zote zinazoonekana kwenye orodha, hupati mwizi. Aliyekuwa anaazima bila kurudisha hakuwa mpangaji wala mgeni. Alikuwa kiini cha Linux, mwenye nyumba mwenyewe, katika sehemu yake inayoshughulikia mtandao. Siku ya ishirini na moja au ya ishirini na mbili, akiba inakwisha.

Na akiba ikiisha, Linux haiombi radhi wala haisubiri. Ina mnyongaji wake. Kumbukumbu ikikauka kabisa, mnyongaji anapita kwenye orodha, anampa kila mmoja alama, na anamuua mwenye alama kubwa. Alama hutokana zaidi na ukubwa: anayekula memori nyingi ndiye anayekufa, kwa sababu kifo chake kitaokoa wengi. Kwenye KVM kila mpangaji anaonekana kama programu moja tu, tena programu nene. Mpangaji mnene kuliko wote kwetu alikuwa kituo cha afya, mwenye gigabaiti 24, kwa sababu anabeba rekodi za wagonjwa pamoja na picha za utrasaundi. Hajaazima kitu kwa mtu. Anauawa kwa unene wake.

Dawa iliyokuwa ikitumika ofisini ni ile mnayoijua nyote: zima, washa. Kila Jumapili ya pili, saa nane usiku, seva inazimwa na kuwashwa, akiba inarudi 28, na tunaanza kuhesabu upya. Ratiba ilibandikwa mlangoni kwa karatasi. Ilidumu miezi minane.

Simcheki mtu kwa dawa hii. Inatumika mpaka angani. Mwaka 2017 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya iliagiza baadhi ya ndege za Airbus A350 zizimwe umeme na kuwashwa upya kabla hazijafikisha saa 149 za kuwa na umeme mfululizo, kwa sababu baadhi ya mifumo yake ilikuwa inapoteza mawasiliano baada ya muda huo. Lakini lile lilikuwa agizo la kungojea ukarabati. Kwetu lilikuwa limegeuka kuwa ndiyo ukarabati.

Bosi wangu si mtu mbaya. Analipa pango, anajaza petroli kwenye jenereta, na wateja wake wanalipa wakijisikia. Nilipomweleza kwamba marekebisho yamo kwenye toleo jipya la Linux, na kwamba tunatakiwa kuwatangazia wateja usiku mmoja wa matengenezo, alinijibu, "Ukiwaambia tunazima, watauliza kuna nini. Usipowaambia, wamelala." Akaongeza kwamba gari linalowaka kwa kusukumwa bado ni gari.

Bahati mbaya hawakuwa wamelala. Stendi ya Magufuli ilipofunguliwa Februari 2021, kuchukua nafasi ya ile ya Ubungo, mabasi ya mikoani bado yalikuwa hayaruhusiwi kusafiri usiku kucha. Saa nane usiku ilikuwa saa iliyokufa kweli. Mwaka 2023 ruhusa ya kusafiri saa ishirini na nne ilirudishwa, na saa iliyokufa ikafufuka. Wakala wetu wa tiketi akaanza kupiga simu: abiria wa Mwanza yuko dirishani, skrini imeganda, kuna nini? Mlinzi wetu, mzee ambaye hajawahi kugusa kibodi, alikuwa wa kwanza kulisema waziwazi: "Siku hizi usiku hauna usiku."

Halafu kukatokea msiba Moshi. Mwenzangu aliyekuwa zamu ya Jumapili alisafiri kuzika, kama mtu yeyote angesafiri, na usiku ule seva haikuguswa. Siku ya ishirini na mbili ikaangukia Jumatatu, saa tatu asubuhi, siku ya kliniki ya wajawazito. Mnyongaji akapita.

Nilitumwa kwenda kuwaomba radhi ana kwa ana, kwa bajaji, kwenye foleni ya kupanda Kimara. Nilitegemea kukuta fujo. Nilikuta benchi limejaa kina mama, na muuguzi mkuu, mama wa makamo, amekaa mezani na daftari kubwa la mistari, anaandika. Kundi la damu, wiki za mimba, presha, tarehe ya kurudi. Kompyuta ilikuwa mbele yake, imezimwa. Nikamwamkia, nikamwambia mfumo umerudi dakika arobaini zilizopita.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Najua. Nitahamishia jioni."

Nikafikiri ni kwa ajili ya siku ile tu. Akanionyesha rafu. Madaftari manne, yote yamejaa, ya miezi ile minane. Alikuwa anaandika kila mgonjwa mara mbili: kwanza daftarini, kisha kwenye kompyuta baada ya saa za kazi, bila malipo ya ziada. Hakuwahi kulalamika kwetu. Aliona tu kwamba mashine ile ina siku zake, akajipanga.

Gharama ya ile dawa yetu ilikuwa kwenye rafu ile. Kwenye vitabu vya bosi haikuwepo popote.

Kuna kisa nilikisoma zamani na sikuwa nimekielewa mpaka asubuhi ile. Mwishoni mwa Oktoba 1992 huduma ya magari ya wagonjwa ya London ilianza kutumia kompyuta kuyapangia magari yote. Siku mbili za mwanzo zilikuwa balaa kwa sababu nyinginezo, wakarudi nusu mkono nusu mashine. Kisha 4 Novemba, muda mfupi baada ya saa nane usiku, mfumo ukaanza kuburuta miguu, ukaganda. Wakajaribu kuzima na kuwasha, haikusaidia. Wakarudi kwenye karatasi na redio. Uchunguzi ulikuta kwamba kila gari lilipotumwa, programu ilishikilia kipande kidogo cha kumbukumbu cha seva bila kukiachia. Takriban wiki tatu zilitosha kulimaliza tangi.

Kilichonikaa si kosa la programu. Makosa ya namna hiyo huwapata hata wakubwa. 22 Oktoba 2012 sehemu ya huduma za Amazon kule Virginia iliyumba kwa ajili ya programu ndogo ya kukusanya taarifa iliyokuwa inashikilia kumbukumbu kidogo kila iliposhindwa kuifikia seva iliyoondolewa. Kilichonikaa ni karatasi. Watu wa London walikuwa wanajua bado namna ya kufanya kazi kwa karatasi, na muuguzi wetu naye. Wote walikuwa wanatubeba.

Nilimpigia bosi picha ya ile rafu. Hakujibu. Jioni akasema, "Andika tangazo. Lakini uandike vizuri."

Tuliandika kwamba seva ina hitilafu tunayoijua, kwamba dawa yake ipo, na kwamba usiku wa Jumanne kuanzia saa tisa huduma zitayumba. Hakuna mteja aliyehama. Wakala wa tiketi aliuliza swali moja tu, ambalo sisi tulipaswa kumuuliza yeye mapema: saa gani dirisha linakuwa tupu? Akajijibu mwenyewe. Kati ya saa tisa na saa kumi; baada ya hapo wanaingia wa mabasi ya alfajiri.

Namna yenyewe ni ya kuhamisha wapangaji wakiwa hai. Mwaka 2005 watafiti wa Cambridge na wenzao walieleza jinsi walivyohamisha mashine pepe kutoka seva moja hadi nyingine ikiendelea kufanya kazi. Katika jaribio mojawapo mashine ilikuwa inaendesha mchezo wa Quake 3 na wachezaji walikuwa ndani. Kumbukumbu inanakiliwa huku mpangaji anaishi, kisha vile vipande alivyobadilisha vinanakiliwa tena, na tena, mpaka kinabaki kiasi kidogo. Hapo anasimamishwa kwa kitambo cha kupepesa jicho. Kwa ule mchezo ilikuwa kama milisekunde 60.

Wakala wa tiketi, gigabaiti 16 kwenye waya wa gigabiti moja, alichukua dakika mbili na nusu hivi. Nilikuwa nimefungua ukurasa wake kwenye simu, nabonyeza, nabonyeza. Haukuganda. Shule, saccos, vipuri, wote wakahamia seva ya pili mpaka ikajaa.

Kituo cha afya hakikupata nafasi. Seva ya tatu ilikuwa na nafasi, lakini prosesa yake ni ya zamani na haijui baadhi ya amri ambazo mashine ile ilizizoea tangu ilipowashwa. Ukimhamisha hai, kuhama kunakataliwa. Ilibidi azimwe. Nilimpigia simu muuguzi wa zamu kabla, kama tulivyokubaliana. Akasema sawa, daftari lipo.

Saa tisa na dakika ishirini umeme ukakatika. Betri zikalia, jenereta ikashika mara ya pili, kiyoyozi hakikurudi. Tukaacha mlango wazi, mbu wakaingia. Kuweka toleo jipya hakukuchukua muda. Kinachochosha ni kuwasha: seva yenye memori nyingi hujikagua kwanza, na kwa dakika kadhaa skrini ni nyeusi, huna cha kubonyeza. Mwenzangu alisimama mlangoni akilitazama jenereta. Mzee mlinzi akaleta chai ya tangawizi kwenye chupa na vikombe viwili, akauliza kama mgonjwa ameamka.

Aliamka. Kituo cha afya kikarudi saa kumi kasoro dakika sita, wengine baadaye.

Siku ya ishirini na mbili nilikaa nikitazama mchoro wa kumbukumbu kama mtu anayemtazama mtoto mwenye homa. Mstari ulikuwa umelala. Siku ya thelathini umelala. Karatasi ya Jumapili bado iko mlangoni. Bosi anasema gundi yake itabandua rangi.

Wiki iliyofuata nilipita kituo cha afya kumwambia muuguzi mkuu kwamba imepona, kwamba sasa anaweza kuandika mara moja tu. Alifurahi, akanishukuru, akaniuliza habari za nyumbani. Nikamuuliza kuhusu madaftari.

"Hilo jipya nimelinunua juzi," akasema. "Kurasa mia mbili. Ngoja kwanza liishe."