Kijiji Kilichonikosoa

Kwa miaka mingi nalikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kuwa lugha ikifa, watu wake wamekufa nayo. Nalilisema neno hilo kwa sauti ya mtu asiyetazamia kupingwa. Aliyenipinga hakuwa mwanachuoni, bali kijiji kidogo cha mashariki ya Poland kiitwacho Kruszyniany, ambacho nyumba zake zimejipanga kati ya mashamba na misitu, karibu na mpaka wa Belarusi.

Mwaka 1679 mfalme Jan III Sobieski aliwapa askari wake wa farasi, Watatari, ardhi mahali hapo. Haikuwa hisani tupu. Hazina ilishindwa kuwalipa ujira wao, na miaka michache kabla ya hapo baadhi ya Watatari walikuwa wameasi wakajiunga na Waturuki, ujira huo ukiwa sababu mojawapo. Shamba likawa mshahara, na askari akawa mkulima.

Watu hao walikuwa Waislamu, lakini Kitatari kilikuwa kimekwisha kuwatoka vinywani. Walisema Kibelarusi na Kipolandi kama jirani zao. Hata hivyo, vitabu vyao vya dini walivinakili kwa mkono, maneno ya lugha hizo wakiyaandika kwa herufi za Kiarabu. Sisi tuliosoma tenzi zetu za kale katika herufi hizohizo hatuna haja ya kuelezwa taabu ya mwandishi anayezitafutia alama sauti za p na ch, ambazo Mwarabu hanazo.

Msikiti wao ni wa mbao, umepakwa rangi ya kijani, na una minara miwili ya pembe nne. Mgeni aliye mbali angedhani ni kanisa la shamba. Nyuma yake, katika kilima chenye miti, yako makaburi. Pahali hapo huitwa mizar, neno la shina moja na ziara yetu. Nalipita polepole kati ya mawe: hili limeandikwa Kiarabu, lile Kirusi, lingine Kipolandi, mwezi mwandamo juu, na chini yake jina la ukoo linaloishia kwa -wicz. Familia za Kitatari zilizosalia kijijini ni chache, maana wengi wamehamia mijini, Białystok na kwingineko. Lakini ukiwauliza wao ni nani, hujibu bila ya kusita kuwa ni Watatari.

Nimeifuta sentensi yangu ile katika daftari la mihadhara. Mahali pake pangali wazi.