Kutoka Bahari Hadi Bahari: Safari ya Baiskeli Kaskazini mwa Uingereza

Kaskazini mwa Uingereza ipo njia ya baiskeli inayoanzia katika bahari moja na kumalizikia katika nyingine. Mwanzo wake ni bandari ndogo ya Whitehaven, kando ya Bahari ya Ireland. Mwisho wake ni Tynemouth au Sunderland, katika Bahari ya Kaskazini. Urefu wake ni kilomita 225 hivi. Ilifunguliwa mwaka 1994 na Sustrans, shirika la hisani linaloshughulikia njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Ada ya wasafiri ni kuchovya gurudumu la nyuma baharini waondokapo, na la mbele wawasilipo.

Mwenye kuitazama ramani aweza kuuona umbali huo kuwa mwepesi. Uzito wake umo katika vilima, nasi tulikuwa na sababu ya kuviogopa. Tulikuwa wanne: dada wawili, kaka yetu, na bintiye anayesoma Newcastle. Dada mkubwa ana umri wa miaka 57, na mwaka uliotangulia alifiwa na mumewe. Tangu kumaliza eda, hakuwa akitoka nyumbani ila kwa haja ya lazima. Baadhi ya jamaa walisema safari hii haimfai. Yeye aliwajibu tu kwamba baiskeli ya marehemu baba, kule Malindi, aliiendesha kabla yetu sote.

Siku ya kwanza ilitufikisha Keswick, mji uliozungukwa na milima na maziwa, baada ya kupanda njia ya mlimani ya Whinlatter yenye mita 318. Wengi huishika njia hii kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa kuwa upepo wa nchi ile mara nyingi huvuma kutoka magharibi na kumsukuma msafiri mgongoni. Kwa wanawake wenzetu twasema hivi: buibui lisikaribie mnyororo. Sisi tulivaa suruali pana na kanzu fupi, na mtandio mwepesi tuliufunga vizuri chini ya kofia ngumu.

Siku ya pili, baada ya Penrith, tuliuvuka Mto Eden na mbele yetu ukasimama ukuta wa milima ya Pennines. Huko kuna upepo wenye jina lake, Helm Wind, uporomokao kutoka mlima wa Cross Fell kuelekea bondeni. Sisi watu wa pwani, tuliozaliwa kati ya kaskazi na kusi, tuliona si ajabu upepo kupewa jina. Siku hiyo, alhamdulillah, haukuvuma.

Kilima cha Hartside kinafika mita 580. Barabara hujikunja kama kamba iliyotupwa, na kila kona huahidi kilele kisha ikaonyesha kona nyingine. Kabla ya nusu ya njia, dada alishuka akaanza kuisukuma baiskeli. Kaka alitaka kuita teksi kutoka Penrith. Binti naye alimsogelea akauliza, "Shangazi, tupumzike?"

"Twende hadi pale penye zizi la kondoo," alisema, "kisha tutatazama."

Kutoka zizini tukaenda hadi kwenye lango, kutoka langoni hadi kwenye mti uliopindwa na upepo. Kaka alipoitaja teksi mara ya pili, dada alimwambia kwa upole, "Kaka, nimeshuka kwenye baiskeli, sikushuka njiani." Basi sote tukashuka, tukasukuma pamoja naye.

Mkahawa uliokuwa pale kileleni uliteketea kwa moto mwaka 2018, hivyo chai tuliyokunywa ni ile ya chupa tuliyobeba wenyewe. Hali ya hewa ilikuwa safi. Tuliona ghuba ya Solway na, ng'ambo yake, vilima vya Uskoti. Tulitandika koti nyasini, tukaelekea kusini-mashariki, tukasali adhuhuri na alasiri kwa kuzikusanya na kuzipunguza, kama msafiri alivyoruhusiwa.

Siku ya tatu tulipita Nenthead, kijiji cha machimbo ya zamani ya risasi, tukapanda Black Hill wenye mita 609, mahali pa juu kuliko pote katika njia hii. Baada ya hapo vilima vilianza kulegea. Tuliteremka taratibu juu ya njia ya reli ya kale hadi Consett, mji ambao kiwanda chake cha chuma kilifungwa mwaka 1980.

Siku ya nne tulifika Tynemouth. Dada alichovya gurudumu la mbele, akasimama kitambo akiyatazama maji. Kisha tukapanda kivuko cha North Shields hadi South Shields, mji ambako mabaharia wa Yemen, wengi wao wachocheaji makaa wa meli za mvuke, walihamia zaidi ya miaka mia iliyopita. Msikiti wao wa Al-Azhar ndiko Muhammad Ali alikoombewa baraka za ndoa yake mwaka 1977. Kaka aliingia kusali. Sisi tulikaa nje tukila mkate na tende.

Dada alifungua ramani na kumwuliza binti ni njia gani nyingine ipo, yenye vilima vichache kidogo.