Masihi Tumngojaye

Julai iliyopita, katikati ya kipupwe, walimu na washarika wa upande wa Karatu tulikusanyika siku tatu kwa mafungo ya sala na mafundisho. Mgeni adhaniye ya kwamba nchi yetu yote ni joto na aje wakati huo, ukungu ushukapo kutoka msitu wa Ngorongoro, aone watu wakisali na blanketi mabegani. Somo letu lilikuwa Manabii. Siku ya pili kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, Wayahudi walikuwa na kitabu cha Isaya kabla yetu. Mbona hawamkiri Masihi? Wamepofuka?" Wengi wakacheka, wakaitikia kwamba ndivyo. Jibu hilo ni jepesi mno, nasi hatukukubali lipite.

Neno Masihi ni la Kiebrania, maana yake Mpakwa mafuta. Kristo ni neno lilo hilo kwa Kiyunani. Kwamba atoka katika ukoo wa Daudi, Myahudi na Mkristo wasema mamoja. Walakini Myahudi ashikaye imani ya baba zake auliza, Masihi ajapo atafanya kazi gani? Manabii wamjibu: Waisraeli waliotawanyika watakusanywa, Hekalu litasimama tena, mataifa yataacha vita, panga zitafuliwa kuwa majembe. Kisha aitazama dunia, aona panga zingali panga. Basi asema, kazi haijatendeka, na mwenye kazi hajaja. Tena Masihi amngojaye ni mwanadamu na mfalme, wala si wa kuabudiwa. Hata Isaya 53, tusomapo sisi habari za msalaba, mwalimu wao Rashi wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105, alisoma mateso ya taifa la Israeli.

Jambo moja zaidi. Mwaka 132 Bar Kokhba aliwaondokea Warumi kwa vita, na mwalimu mkuu Rabi Akiva akamkiri kuwa ndiye Masihi. Mwaka 135 akauawa. Kwa hiyo, kwao, mauti kabla ya kazi kwisha ni ushuhuda kwamba siye. Kwetu mauti ya Yesu ndiyo kazi yenyewe, na kufufuka kwake ndiko ushuhuda. Hapo njia zaachana, wala tusijidanganye kwamba tofauti ni ndogo.

Lakini upofu? Tuliwakumbusha habari za Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyekuwa Mkristo. Aliisoma Biblia kwa lugha ya kwao, akauliza kwa nini Sheria ya Musa haishikwi, na mwaka 1919, karibu na Mbale, akatahiriwa yeye na wanawe, akajiita Myahudi. Wafuasi wake, Abayudaya, wako Uganda hata leo. Hatukubaliani naye, walakini mtu yule hakuwa kipofu wa Maandiko. Mzee mmoja Mmasai, aliyeshuka kutoka Ngorongoro, akasema ya kwamba mtu angojaye mvua miaka mingi, asiuze ng'ombe wake wa mwisho, si wa kuchekwa.

Ndipo akasimama mama mmoja mjane. "Walimu wangu," akasema, "mwanangu aliuawa kwa panga katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Aliyemwua alibatizwa, na mwanangu alibatizwa. Huyo Myahudi ameuliza swali langu."

Hakuna aliyecheka tena. Tukamjibu tulivyoweza: kwamba Masihi amekuja kutupatanisha na Mungu, na kwamba kila Jumapili twaungama kuwa atakuja tena, maana yake nasi twangoja. Myahudi amngojea wa kwanza, sisi twamngojea Yeye yule arudi. Hata hivyo tukamwambia mama waziwazi kwamba swali la panga si la kumwachia Myahudi alijibu. Yeye akatikisa kichwa, akaketi. Hakusema kama ameridhika.

Jioni yule kijana akatujia tena, akauliza tuwaombeeje Wayahudi. Tukamwonyesha Warumi 11, penye mzeituni mwitu uliopandikizwa katika shina lisilo lake. Akaenda kuisoma karibu na moto, na taa zilipozimwa alikuwa angali akisoma.