Taa ya Buluu na Mdogo Wangu

Najua nimewatupa mkono wiki nzima. Sikuwa safarini wala sikuumwa, nilikuwa napambana na taa isiyozidi punje ya mahindi.

Ipo hivi. Mimi huhariri sauti za mahojiano usiku, nyumba ikishatulia. Kwa kazi hiyo nina kidude kidogo cha kuzungusha, kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Ukikizungusha kushoto sauti inarudi nyuma, kulia inakwenda mbele, ukikibonyeza inasimama. Kwa anayekata "aaah" na "eeeh" za waheshimiwa, hiki ni mkono wa tatu. Nilikinunua kikiwa kimetumika, na sina kingine.

Balaa lake ni taa ya LED ya buluu iliyo kwenye kitako. Mchana huioni. Usiku chumba kizima kinakuwa kama tangi la samaki! Nami nalala chumba kimoja na mdogo wangu, yuko kidato cha nne, mitihani iko mlangoni. Nikianza kazi, yeye hujifunika shuka gubigubi. Siku moja akaniambia, "Kaka, leo nimesinzia kwenye hesabu." Hakuongeza neno. Nami sikuwa na la kujibu.

Nikabandika plasta, mwanga ukatokea pembeni. Nikasoma kidogo: mwanga wa buluu ndio unaovuruga zaidi melatonini, homoni ya usingizi, kuliko mwekundu. Halafu cheka nami: Nick Holonyak alitengeneza LED nyekundu mwaka 1962, lakini ya buluu yenye mwanga mkali ilisubiri hadi miaka ya 1990. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, walipewa Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Wenzetu wakapata Nobeli, mdogo wangu akakosa usingizi, teh teh teh!

Nikaenda kwa mzee mmoja, fundi redio wa mtaani kwetu. "Shikamoo mzee, nataka kuweka nyekundu hapa."

"Marahaba. Ukiiweka hivi hivi utaiunguza, kijana wangu."

Akanifafanulia. USB inatoa volti 5. Taa ya buluu inakula kama volti 3, nyekundu kama 2. Zinazobaki zinabebwa na rezista. Kwa hiyo ukiweka nyekundu, rezista ile ile inabeba volti 3 badala ya 2, na umeme unaopita unaongezeka kwa nusu. Yangu ilikuwa ya omu 100: miliampi 20 zingekuwa 30, wakati taa ndogo kama hizi kwa kawaida hupewa zisizozidi 20.

"Unataka taa ya kusomea, au ya kujua tu kwamba kimewaka?" akauliza. Ya kujua tu. Akanipa rezista ya omu 470, itakayopitisha kama miliampi 6.

Kwa ubishi wetu waandishi, nikasema nitachoma risasi mwenyewe nyumbani. Nikachomoa waya, nikafungua, nikabadilisha vyote viwili. Nikachomeka... giza! Moyo ukapiga paa. Kipindi kilikuwa kinasubiriwa kesho yake, na usiku ule nilihariri kwa kibodi, taratibu kama konokono.

Asubuhi nikarudi kwa mzee kichwa chini. Akaitazama mara moja tu. Mguu mrefu wa LED ni chanya, mfupi ni hasi, nami nilikuwa nimeikata yote sawa kabla ya kuiweka. Akanionyesha ukingo wa taa: upande uliobapa ndio hasi. Niliiweka kinyume! Akaigeuza, ikawaka, hafifu kama kaa la jiko linalozimika.

Jana nimehariri hadi saa saba usiku. Katikati ya mahojiano nikasikia mngurumo ambao haukuwemo kwenye rekodi. Nikavua spika za masikioni. Mdogo wangu alikuwa anakoroma, shuka iko kiunoni.

Nimekaa nikijiuliza. Kazi yangu ni kusikiliza watu. Miezi yote hiyo nilikuwa nawasikiliza wa mbali kwa makini, wa kitanda cha pili akajifunika shuka kila usiku mbele ya macho yangu, nisimuulize hata mara moja.

Haya, ngoja nami nikalale. Alamsiki!